Risasi Iliyobaki Mnarani

Mkata tiketi alipanda na kikombe cha chai hadi juu ya mnara wa nyambizi, akamkuta bosi wake amelala chali, macho wazi, tundu moja kifuani. Kikombe kikamponyoka.

"Nilidhani ananitania," alimwambia Mpelelezi. "Mama Nyambizi alikuwa mtu wa mizaha. Nikamwambia, Mama, amka, chai inapoa. Yesu wangu! Nimemwambia maiti chai inapoa!"

Mpelelezi alimkalisha kwenye kiti, akapanda mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, makumbusho hayajafunguliwa. Nyambizi ile ilipigana vita zamani. Sasa ilifungwa gatini, ikatobolewa mlango ubavuni ili wageni waingie bila kuhangaika na ngazi. Aliijua tangu utotoni. Mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea baada ya baba yake kufariki, alikuwa afisa humo, na kati ya mabaharia wote ndiye pekee aliyebaki hai.

Mnarani palikuwa na nafasi ya watu watatu wakibanana. Karibu na maiti lilikuwapo ganda la risasi iliyopigwa. Hilo alilitarajia. Lakini kwenye kona, chini ya ukuta wa chuma, palikuwa na risasi nyingine nzima, haijapigwa, bado iko kwenye ganda lake.

Akashuka kwa ngazi ya chuma hadi chumba cha maofisa. Kabati la silaha lilikuwa limefungwa, ufunguo unaning'inia kwenye kitasa. Ndani zilipangwa zile bastola ambazo mabaharia walipewa walipotumwa kupekua vyombo vilivyotekwa. Mojawapo ilinuka baruti. Haikuwa na risasi ndani, na ilikuwa imefutwa kwa kitambaa cha mafuta. Nyuma ya kabati palikuwa na kasha kuukuu la bati la risasi, lililosahauliwa tangu vitani. Limefunguliwa.

"Nani anaingia huku zaidi ya ninyi wawili?" alimuuliza mkata tiketi.

"Kibodi tu, yule kijana wa michezo ya kompyuta. Ametengeneza mchezo wa nyambizi hii hii. Jana waligombana, afande. Mama alimwambia, 'Ile misheni ya mashua haitoki mpaka mwenyewe aseme!' Kijana akapiga kelele, 'Utaniua kwa njaa!'"

Alama za vidole vya Kibodi zilipatikana kwenye kabati na kwenye bati. Kufikia mchana alikuwa rumande, na Mkuu wa kituo anatabasamu.

"Kesi imejifunga yenyewe," Mkuu alisema. "Kesho namfikisha mahakamani kwa mauaji."

"Na ile risasi nzima?"

"Ilimponyoka. Mtu akiua anatetemeka."

Mpelelezi hakubisha. Alichukua ile bastola, akaijaza risasi za mazoezi zisizo na baruti, akaenda chumba cha mahojiano. Kibodi alikuwa amejikunja kama mtoto mwenye homa.

"Bati la risasi ulilishika?"

"Nililishika wiki iliyopita nikipima kabati. Nilimwonyesha Mama, akasema ataita wanajeshi walichukue. Afande, mimi sijaua hata kuku."

"Kila anayekaa kiti hicho huapa hivyo. Chukua hii. Ina risasi za mazoezi. Itoe risasi zote, unirudishie ikiwa tupu."

Kibodi aliishika bastola kama mtu aliyepewa nyoka. Alitafuta kitufe, akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaiweka mezani. "Tayari. Tupu."

Mpelelezi akaichukua, akavuta chuma cha juu. Risasi moja ikaruka kutoka ubavuni mwa bastola, ikagonga ukuta. Kibodi nusura aanguke na kiti.

"Imetoka wapi hiyo? Magazini si nimetoa!"

"Magazini umetoa. Iliyokwisha kupanda mtutuni umeiacha. Kwenye mchezo wako ikoje?"

"Ukichomoa magazini bastola ni tupu. Mbona toleo la kwanza liko madukani mwaka wa pili na hakuna aliyelalamika?"

Mpelelezi aliiokota ile risasi, akaigeuza vidoleni. Muuaji alipiga, akachomoa magazini, kisha akaitoa hata ile ya mtutuni, palepale mnarani, maiti mbele yake. Kwa nini asishuke kwanza?

"Kwenye mchezo, baharia akitoka mnarani anaifanyaje bastola?"

"Anashuka nayo mkononi, imejaa. Yule mzee aliyekuja kulijaribu toleo jipya alinifokea kweli! Eti nyambizini hakuna anayeshuka ngazi na silaha iliyojaa. Risasi ikifyatuka kule chini mnakufa wote. Nikamwambia, babu, huu ni mchezo. Halafu alipofika kwenye misheni ya mashua, akakiweka kidhibiti chini, akaondoka. Hata kwaheri hakusema."

"Mzee gani?"

"Yule afisa wao aliyebaki. Mwembamba, ana kovu kidevuni."

Mpelelezi aliiweka bastola mezani. Kovu lile alikuwa akiligusa kwa kidole alipobebwa mabegani.

"Na hiyo misheni inahusu nini?"

"Mashua ya mizigo imesimamishwa. Watu wamenyoosha mikono juu. Mchezaji anaamua, apige au asipige. Mama Nyambizi ndiye alinipa kisa. Alisema ni cha kweli, ila kuna mtu anampa nafasi akiseme kwa kinywa chake."

Jioni, jua likiwa bado juu, Mpelelezi alimwomba mjomba wake waende nyambizini.

"Shikamoo, Mjomba. Nisaidie. Wewe ndiye unayejua mambo ya huku."

"Marahaba, mpwa wangu. Wamemkamata yule kichwa-maji?"

"Wamemkamata."

Walipanda mnarani. Damu ilikuwa imeoshwa. Mpelelezi akampa bastola yenye risasi za mazoezi. "Nionyeshe mlinzi alivyosimama hapa."

Mzee akasimama. Ghafla hakuwa mzee tena. Mgongo ulinyooka, mkono ukatulia. Akaeleza zamu za ulinzi, akaeleza upepo.

"Nimeelewa," Mpelelezi alisema. "Tushuke."

Mjomba akageuza mtutu baharini. Akachomoa magazini, akavuta chuma. Risasi ikaruka, ikagonga ukuta wa mnara, ikabiringika mpaka ile ile kona. Kisha akaushika mlango wa duara ashuke.

Mkono ukabaki pale pale. Akaitazama risasi. Akamtazama mpwa wake.

"Loo," alisema taratibu. "Umenitega."

"Niambie sivyo, Mjomba. Niambie tu sivyo, nitakuamini."

"Ukiniamini utakuwa mpumbavu, na mimi sikulea mpumbavu." Akakaa juu ya chuma. "Mle mashuani walikuwa saba. Wote mikono juu. Mmoja akaingiza mkono kwenye shati, nikampiga. Alikuwa anatoa karatasi za mashua. Sasa wale sita wameona. Nifanyeje? Nikawamaliza. Mpishi wetu aliona kutoka hapa, akafunga mdomo miaka yote. Alipokuwa anakufa, akamwambia yule mwanamke."

"Ukapewa nishani."

"Nikapewa nishani. Na mama yako akaitundika sebuleni."

"Mama Nyambizi alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Hilo ndilo baya. Alinifungulia kabati kwa mkono wake, akasema, 'Mzee, shika, panda juu, uniambie ilivyokuwa. Ukisema wewe, watu watakuhurumia.' Bati nililificha mimi wakati ule, nilijua lilipo; alipotangulia kupanda, nikaijaza bastola kwa mazoea ya zamu. Nilipanda nimekusudia kusema. Nikafungua kinywa, nikamwona yule wa karatasi amesimama mahali pake. Sura yake haijazeeka hata siku moja. Nikapiga."

"Na kijana ungemwacha anyongwe?"

Mzee akageuza uso baharini. Mpelelezi alishtuka zaidi kwa kugeuka kule kuliko kwa maneno yote yaliyotangulia. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Akatoa pingu. Lakini ngazi ile haishukiki mikono ikiwa imefungwa.

"Tangulia," alisema.

Mjomba alishuka polepole, akamsubiri chini, viganja vimenyooshwa mbele. Mpelelezi alimfunga, akampeleka garini, akampigia Mkuu amwachie Kibodi. Kisha akasimama peke yake gatini, akapiga namba ya nyumbani.

"Mwanangu!" Mama yake alipokea kwa furaha. "Redio inasema mmemkamata muuaji. Mungu mkubwa! Mpitie mjomba wako mje mle, tangu asubuhi hapokei simu, sijui ananuna nini tena huyu."

Mpelelezi alifumba macho. "Mama, hapo nyumbani uko na nani?"

Kicheko upande wa pili kikakatika. Hakuna aliyewahi kuulizwa swali lile kwa simu akasubiri habari njema.

"Niko peke yangu," mama alisema. "Sema."