Aliyempokea Bonge

Jumatatu asubuhi Bonge alikataa kubebwa na Dada, na mama yake akafurahi. Jambo lenyewe lilianza hivyo, kwa furaha, ndiyo maana hakuna aliyelishtukia mapema.

Kwa kawaida yule mtoto wa miaka mitatu, kabla hajafumbua jicho la pili, ameshamwita Dada. Akianguka, Dada. Akitaka maji, Dada. Mama Bonge alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kutwa nzima alimsikia mwanawe kupitia ukuta akichekeana na huyo Dada, msichana wa kazi, wakati yeye amebanwa na vifungo na mapindo. Wivu huo hakuwahi kumwambia mtu. Mumewe angemcheka, na Dada mwenyewe, maskini, hakuwa na kosa hata moja la kumfukuzia. Angekuwa mwizi au mvivu, ingekuwa afadhali.

Basi Jumatatu ile Dada alinyoosha mikono kitandani, Bonge akageuza uso. Mama Bonge akaacha chai yake, akaja mbio na mikono yake mwenyewe. Bonge akageuza uso tena. Alikuwa anautazama ukuta, na alikuwa anatabasamu.

"Labda amechoka na safari," Dada alisema.

"Labda amekuchoka wewe," Mama Bonge akajibu, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha.

Safari ilikuwa ya Jumamosi. Baba Bonge, fundi umeme mwenye kitambi cha kuheshimika, alisikia kwamba kule kwenye vilima vya mawe ya chokaa wametengeneza njia ya familia, yenye ngazi za mbao, kamba za kushikilia na bango linalowakaribisha watoto wa kuanzia miaka miwili. Na kweli palikuwa pazuri. Walitembea kati ya mawe yaliyochongoka, wakaona mto unaozama ardhini mzima mzima na kutokea tena mbali huko, wakala mayai ya kuchemsha kivulini. Kisha wakavaa helmeti, wakaingia pangoni. Katikati ya pango palikuwa na mwanya ulioitwa Tundu la Sindano. Baba Bonge akautazama, akajitazama, akarudi nje kulinda mabegi.

Mwongozaji alitoa sharti moja, na alilitoa mara mbili.

"Mtoto mdogo tunampitisha mkono kwa mkono. Wa upande huu anamtaja anayempa. Wa upande ule anaitika. Asipoitika, usimwachie. Tumeelewana?"

Akapita yeye, akapita Dada. Mama Bonge akabaki nyuma na Bonge kifuani, na kilichotakiwa kwake kilikuwa neno moja tu: Dada. Lile lile analolisikia kutwa kupitia ukuta, na ambalo siku hiyo Bonge alikuwa amelirudia tangu mlango wa pango mpaka likamkaa mama yake kooni. Akashindwa kulitamka. "Haya, chukua," akasema, akamsogeza mtoto kwenye mwanya. Mikono ikampokea. Ilikuwa ya baridi, na ilimpokea vizuri mno, kwa upole wa mtu aliyesubiri muda mrefu.

Yeye mwenyewe alipopenya, alimkuta Bonge amekaa peke yake juu ya jiwe. Hatua kumi mbele, Dada alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu, na mwongozaji anammulikia kwa tochi.

"Unampokea mtoto halafu unamtupa?"

"Mimi sijampokea, mama. Nilikuwa nasubiri uniite."

Mama Bonge akaona ni uongo wa kujikosha, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsemesha.

Jumanne Dada alimletea shati ambalo Bonge alilivaa siku ile. "Nimelifua mara tatu, mama. Halitoki."

Kwapani, kila upande, palikuwa na alama ya mkono wa udongo mweupe. Mama Bonge alilitandaza shati juu ya meza ya kukatia, akavuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni.

"Lete mkono wako."

Dada akauleta. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, inchi saba. Mama Bonge akapima wa kwake, inchi saba na robo. Akapima alama kwenye shati. Akapima tena, maana fundi hupima mara mbili. Inchi kumi na moja.

"Labda ni mwongozaji," Dada akanong'ona.

"Mwongozaji ni mfupi kuliko wewe."

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu msichana yule aingie nyumba ile, Mama Bonge alitamani asiondoke chumbani.

Mchana huo nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya jiwe bichi na mavi ya popo, na haikutoka chooni wala jikoni. Kisha maji yakaanza kudondoka mahali, tone, kimya, tone, na mabomba yote yamefungwa na paa ni kavu. Bonge alikuwa amejikunyata chini ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa, anazungumza kwa sauti ya chini.

"Unaongea na nani, baba?"

"Na mama."

"Mama si ndiye mimi?"

Bonge alimtazama kwa huruma. "Wewe huna mikono mirefu."

Jumatano saa tatu asubuhi, jua limejaa chumbani na wanafunzi waliochelewa wanapita nje wakikimbizana, Mama Bonge aliinua macho kutoka kwenye pindo la sketi akamwona mwanawe amesimama katikati ya sakafu, mikono juu, kama anavyosimama mtoto yeyote anayetaka kubebwa, na shati likibonyea kwapani taratibu, vidole vinne upande huu na vinne upande ule, pasipo mtu, na visigino vikaacha sakafu, na vidole vya miguu vikafuata, na Bonge akacheka kile kicheko kinene ambacho mama yake amekisikia miaka yote kupitia ukuta na hakuwahi kuchekewa yeye, na kabla hajaogopa, jambo alilolikumbuka baadaye kwa aibu, kabla hajaogopa aliona wivu.

Ndipo akamrukia, akamvuta chini. Kitu kilivuta juu, kikamwacha ahisi nguvu zake, kisha kikaachia. Hata katika hofu ile jicho la fundi lilikuwa limepima: mtoto aliinuka inchi mbili. Kesho angeinuliwa inchi ngapi, na kupelekwa wapi?

Alimpigia simu mwongozaji. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile ulimtaja nani, mama?"

Uongo ulimfika mdomoni. Akaumeza. "Sikumtaja mtu."

"Njooni leo leo," mwongozaji akasema.

Baba Bonge aliacha nyaya za watu zikining'inia, akawachukua. Mlangoni mwa pango walipokewa na mwanamke mzee anayeosha na kugawa helmeti, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bibi Helmeti. Ajabu ni kwamba mganga wa mahali pale alikuwa ndiye huyo huyo. Alimnusa Bonge utosini, akafuta mikono yake kwenye aproni.

"Huyu aliyemo humu hakuiba," alisema kwa sauti ya chini. "Alipewa. Hana mtoto na ana wivu kupita binadamu yeyote. Hanyang'anyiki. Inabidi umtoe mtoto upya, pale pale, umtaje wa kumpokea. Na umpe kwa moyo. Ukitaja kwa mdomo huku moyo umeng'ang'ania, atasikia, na atavuta."

"Nijitaje mimi."

"Wewe ndiye unayetoa, mwanangu. Utajipokeaje?"

"Basi baba yake."

Bibi Helmeti akamtazama Baba Bonge kuanzia kifuani kwenda chini. "Huyu atapitia wapi?"

Akabaki Dada.

Dada alitangulia na mwongozaji, akakaa upande wa pili wa Tundu la Sindano. Mama Bonge alipiga magoti, akamwingiza Bonge kwenye mwanya huku amemshika kiunoni, na pale pale akahisi mkono wa tatu na wa nne ikimshika mtoto kutoka ubavuni mwa jiwe, mahali ambapo mtu hawezi kuwa.

"Dada," aliita.

"Nipo, mama."

Mikono ya baridi ikavuta. Bonge akateleza kuelekea ndani ya jiwe, kiatu kimoja kikadondoka. Alikuwa ametaja kwa mdomo tu, na yule alijua.

Akafumba macho, na humo gizani akajilazimisha kuona kila alichokuwa amekikataa, usiku wa homa ambao Dada alikesha na kitambaa cha maji wakati yeye anamalizia oda, nyimbo alizokuwa akizizima kwa kelele ya cherehani, mkono wa inchi saba uliomfundisha mwanawe kutembea huku yeye akisikia makofi tu, na akakubali, akaumia hadi akakosa pumzi lakini akakubali, kwamba mtoto alimpenda Dada na alikuwa na haki ya kumpenda.

"Dada, nakupa mwanangu. Mchukue, ni wako."

"Nimempokea, mama," Dada alijibu akilia.

Mikono ya baridi ikaachia. Ndani ya mawe, chini sana, mwanamke alilia kilio cha mfiwa, kikafifia pamoja na harufu.

Bonge alipona. Akarudia kula, kuvunja vikombe na kucheka. Ila tangu siku ile humwita Dada "mama". Mama yake mzazi humwita Mama Bonge, kwa sauti ile ile ya wateja wanaokuja kuuliza kama sare ziko tayari. Wamemrekebisha mara nyingi. Hukubali, halafu husahau. Bibi Helmeti alipoulizwa kwa simu alisema tu kwamba kilichotolewa kwa moyo kimetolewa.

Wiki ya tatu, saa tisa mchana, Mama Bonge alikuwa anashona kola. Nyuma ya ukuta Bonge aliita, "Mama, nibebe," naye akainuka nusu, kisha akakumbuka, akakaa. Sindano iliendelea kutembea. Kiti cha wateja kilichokuwa pembeni yake kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa, na ubaridi ukamgusa shavuni.

"Hata mimi walimtoa mikononi mwangu," sauti ya kike ilimwambia sikioni, kwa unyonge wa jirani aliyekuja kuomboleza naye. "Tukiwa wawili, yule msichana hatatuweza."

Mama Bonge alijua la kufanya. Mlango ulikuwa wazi, Dada alikuwa hatua nane tu, na kuita kungetosha.

Alizima cherehani, ili asikie vizuri.