Hodi ya Kwenye Simu

Simu ilipolia magharibi ile, Tunu aliinua mkonga akapokewa na harufu kabla ya sauti. Marashi ya waridi, mazito, yakitoka kwenye vile vitundu vya kusikilizia. Akaupangusa mkonga kwa upindo wa khanga, akaurudisha sikioni.

"Hodi," sauti ya kiume ikasema taratibu.

Hodi hiyo alikuwa ameingoja mpaka kachoka. Kampuni yao ya kutoa mizigo bandarini ilimfungia kompyuta nyumbani Mbezi Beach, ikaiunga na waya wa simu, ili achape ankara huku akimuuguza mama yake, Bi Nusaiba, aliyepooza upande mmoja na hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na wakubwa wakajisifu mji mzima kwamba wao ndio wa kwanza kumpa mfanyakazi ofisi ya nyumbani. Wee! Kumpa mtu mashine ndiyo kazi? Kazi ni siku itakayogoma.

Siku ya kuifunga, Ferdinand, mkuu wa kitengo cha kompyuta, alimtoa wasiwasi. "Sista, ikikusumbua piga tu, sie tupo. Nitaingia kwenye mashine yako kwa waya huu huu. Nitapiga hodi kwenye simu, wewe unikaribishe, halafu bonyeza hapa. Nisipokaribishwa siingii." Wakacheka wote wawili.

Basi mashine ikagoma. Tunu akapiga simu. "Kesho, sista." Akapiga tena. "Tumebanwa, si unajua?" Akapiga mpaka msichana wa mapokezi akawa anakijua kikohozi chake. Meneja naye akatuma salamu zake: ankara zisipofika Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Na pasipo kazi ile, dawa za mama zingetoka wapi?

Ndiyo maana magharibi ile hakuuliza wewe nani.

"Karibu!" akasema, machozi yakimlengalenga. "Karibu jamani, karibu ndani, hapa ni kwako!" Akabonyeza.

Mashine ikaamka. Ankara zikaanza kujipanga kwenye kioo, moja baada ya nyingine, naye Tunu akapiga vigelegele peke yake.

Kitandani Bi Nusaiba akageuza macho. "Umemkaribisha nani na magharibi hii, mwanangu?"

"Mtu wa ofisini, mama. Yuko mjini, anatengeneza kwa simu."

"Mbona kapita hapa mlangoni?"

Asubuhi Tunu akampigia Ferdinand kumshukuru. Ferdinand akakohoa. "Sista, mie sijakupigia. Nilikuwaga nimekupanga wiki ijayo."

Tunu akaurudisha mkonga mahali pake. Tangu hapo hakupata raha, kwani mchana kweupe, jua likiwa la utosi na majirani wamelala, alisikia vibonyezo vikigonga chumbani ambako hakuna mtu, akachungulia akakuta kiti kimebonyea na ankara zinakwenda, na akikimbilia kwa mama anamkuta keshageuzwa ubavu, keshafunikwa shuka vizuri, ananukia waridi kuanzia nywele hadi nyayo, macho yamemtoka pima na mdomo unacheza bila neno.

Akamwita Mwalimu Talha, mganga wa kitabu. Mwalimu akafukiza ubani, akanyunyiza maji ya kombe kila pembe, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo mkonga uliolala mezani ukasema, polepole tu, kama mtu anayeongea na jirani.

"Mwalimu, mie sikuvunja mlango. Nilipiga hodi. Nikaambiwa hapa ni kwangu. Wageni ni hawa, na sijawafukuza."

Mwalimu akamgeukia Tunu. "Ulitamka hivyo?" akanong'ona.

"Si ndivyo tunavyomwambia kila mgeni?"

"Mgeni binadamu anajua ni adabu tu. Huyu kalichukua neno kama lilivyo." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Anayeingia kwa nguvu namtoa. Huyu kapewa nyumba. Mchukue mama yako, binti, mwende."

Nyumba ya marehemu baba yake, iliyojengwa kwa kujinyima, Tunu akaiacha hivyo hivyo, akampakia mama kwenye pikapu ya jirani wakaenda kujibanza kwa shangazi Temeke. Moyo ulimuuma jamani. Lakini shangazi alikubali kumwangalia mgonjwa mchana, na kazi ilikuwa bado ipo. Jumatatu akaenda ofisini kuomba meza.

"Meza ya nini?" meneja akashangaa. "Si upo kwako? Ankara zimeingia leo alfajiri, safi, hazina hata kosa."

"Siyo mimi, bosi! Kule nimehama! Kule kuna jini!"

Meneja akamtazama Ferdinand, naye Ferdinand akatazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwambia mwongo, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Sasa, dada Tunu," meneja akasema kwa upole, "aliyeko kule kazi anafanya. Nikuweke wewe ufanye nini?"

Tunu akamgeukia Ferdinand. "Kaka, sema basi! Wewe unajua!"

"Najua, sista." Ferdinand hakuinua macho. "Lakini yule hajatupigia hata mara moja kuomba msaada."