Yakuti ya Mgiriki

Saa 3.00 asubuhi, Jumapili. Kinondoni.

Chumba cha uani kwa Bi Tabu kilinuka mafuta ya taa na samaki wa jana. Dirisha limefungwa. Wanaume watatu juu ya mkeka, katikati yao ramani ya mkaa iliyochorwa nyuma ya kalenda ya 1953.

Jabiri ndiye aliyekuwa akiuliza. Jabiri hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Mgiriki na mkewe?"

"Saa nne wanakwenda kanisani," akajibu Leodegar. "Hawarudi kabla ya saa sita."

"Mpishi?"

"Jumapili hayupo."

"Mbwa?"

"Mie ndiye ninayemlishaga."

Leodegar alikuwa karani wa Bwana Kostas, Mgiriki wa mashamba ya mkonge mwenye nyumba Oysterbei. Miaka sita anamwandikia barua zake, na miaka sita anaitwa boi mbele ya wageni. Kostas alikuwa na yakuti nyekundu, kubwa kama kokwa ya zambarau. Akilewa huitoa kwenye sefu na kuiweka mezani, watu waishangae. Leodegar aliiona mara tatu. Baada ya mara ya tatu akamtafuta Jabiri.

"Sefu?"

Mwinjuma akaipapasa keekee yake ya kutobolea chuma. Alikuwa fundi wa karakana kabla ya kula miaka minne jela. "Dakika arobaini. Ikinibishia, hamsini."

"Kisha Temeke, kwa fundi saa, alipime jiwe," akasema Jabiri. "Kesho saa mbili asubuhi mnunuzi anashuka melini kutoka Mombasa. Yule ana lenzi yake na hana mzaha. Sitaki kuaibika mbele yake."

Leodegar akainamisha kichwa wasije wakamwona anavyofurahi. Fundi saa huyo aliyempendekeza yeye mwenyewe alikuwa Kornelio, shemeji yake, mume wa dada yake Benedicta, na Jabiri hakuujua undugu huo. Ijumaa wawili hao walikaa wakapanga lao. Kornelio atalitazama jiwe, atatikisa kichwa, atasema bandia. Jabiri atalitupa kwa hasira. Wao wataliokota. Basi! Treni ya Mwanza, meli ya Bukoba, shamba la kahawa, na nani tena wa kumwita boi?

Ijumaa hiyohiyo Kornelio alimpachika lenzi jichoni, akamwonyesha kijiwe chekundu kilichotoka ndani ya saa kubwa ya meli.

"Hili limepikwa tanurini, Ulaya. Ni yakuti, na ugumu ni uleule, ila halina bei. Unaviona vipovu vya mviringo? Unaiona mistari imepinda kama ya sahani ya santuri? La ardhini mistari yake imenyooka."

Leodegar alicheka. "Hayo nakuachia mwenyewe, shemeji. Wewe kazi yako kusema bandia tu."

Sasa Jabiri aliikunja kalenda, akaitia chini ya mkeka.

"La mwisho, karani. Mwaka jana mtu mmoja wa Ubungo alinipeleka kwenye dhahabu. Ikawa shaba. Unamkumbuka, Mwinjuma?"

"Walimwokota mtoni Msimbazi."

Jabiri akamwekea Leodegar mkono begani, kwa upole kabisa. "Wewe ndiye uliyeniambia kuna jiwe. Likiwa bandia, sitakuuliza mara mbili. Haya, twendeni."

Mungu wangu! Uwongo alioutunga mwenyewe Ijumaa ulikuwa unamsubiri Temeke, na shemeji yake ndiye atakayeutamka, tena kwa moyo mkunjufu.

"Labda nitangulie Temeke," akasema. "Nikamtayarishe fundi."

"Na mbwa atamlisha nani?"

Saa 4.25. Oysterbei.

Mbwa alimlamba mkono. Mwinjuma akapiga magoti mbele ya sefu na keekee ikaanza kulalama. Jabiri alisimama dirishani akitafuna karanga, anatazama barabara.

Leodegar alikaa kwenye meza yake ya kila siku. Mbele yake kalamu, wino, karatasi. Karani ni karani. Jabiri alipogeuka kumtazama mpita njia, akachana kipande kidogo kama tiketi ya basi, akaandika: *Sema ni la kweli. Wataniua.* Akakikunja mara tatu, akakitia mfukoni. Atampa Kornelio mkono wa salamu, na karatasi itapita kiganjani. Kwa mara ya kwanza tangu Kinondoni akavuta pumzi sawasawa.

Saa 5.12.

"Imelegea," akasema Mwinjuma.

Jiwe lilikuwa ndani ya kijaluba kilichotandikwa mahameli. Jabiri aliliinua kwenye mwanga. Lilikuwa jekundu hasa. Hata Mwinjuma, ambaye hajui kusifu kitu, akasema lahaula.

"Desturi yangu mnaijua," akasema Jabiri. "Tukitoka nyumba ya watu, mifuko nje. Kila mtu, hata mie."

Leodegar hakuijua desturi hiyo. Mwinjuma alikuwa tayari anapindua yake. Jabiri akapindua yake, zikamwagika karanga. Leodegar akajifanya anakohoa, akapeleka mkono mdomoni.

"Unatafuna nini, karani?"

"Karafuu. Jino linaniuma."

"Pole," akasema Jabiri, akimpapasa mifuko iliyo mitupu.

Karatasi ilikuwa chungu kwa wino. Aliimeza kwa shida, na machozi yakamtoka.

Saa 6.05 mchana. Temeke.

Moris, gari waliyoiazima, ilipita Daraja la Selander, Ilala, Chang'ombe, haina haraka. Leodegar alikaa nyuma, kabanwa na Mwinjuma. Aliomba tairi lipasuke. Aliomba askari awasimamishe. Alimwomba hata Bikira Maria, na hakuona haya.

Duka la Kornelio lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukutani saa kumi na tano za watu, kila moja na wakati wake. Benedicta alikuwa misa ya pili. Jikoni sufuria ya maharage ilitokota.

"Karibuni, karibuni," akasema Kornelio. Mtu mdogo, mikono safi kama ya padri.

Mwinjuma akafunga mlango. Jabiri akamweka Leodegar ubavuni pake na kuliweka jiwe mezani. "Fundi. Nitazamie."

Leodegar akamkazia macho shemeji yake. Akatikisa kichwa, kidogo tu: usiseme, usiseme! Kornelio akakiona kile kichwa kinachotikisika. Akadhani anakumbushwa walivyopanga: atikise kichwa, aseme bandia. Akakonyeza jicho moja, akavaa lenzi.

Alitazama kwa muda mrefu mno. Aligeuza jiwe, akalifuta, akatazama tena. Jasho likamtoka kwenye pua. Anaigiza vizuri, akawaza Leodegar, ee Mungu, anaigiza vizuri kupita kiasi.

Kornelio akaivua lenzi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bandia."

Jabiri hakutukana. Alichomoa kisu tu, akamgeukia Leodegar.

"Mwongo!" Leodegar akapiga magoti, amemshika Jabiri kanzu. "Mwongo huyo! Tulipanga! Ijumaa tulipanga aseme bandia ulitupe, sie tuliokote! Ni la kweli, Jabiri, la kweli kabisa!"

Mwinjuma akauegemea mlango.

"Leodegar," akasema Kornelio. "Ndugu yangu, umefanya nini? Ni bandia kweli. Mgiriki katapeliwa. Limepikwa hili."

Jabiri aliwatazama mmoja mmoja. Akachukua tupa mezani, akalisugua jiwe kwa nguvu. Halikuchubuka. Akalikandamiza kwenye kioo cha saa ya ukutani. Likaacha mkwaruzo mrefu mweupe.

"Kioo gani hiki kinachokata kioo?"

"Sikusema kioo! Ugumu ni uleule, bwana. Tazama ndani, kuna vipovu, kuna mistari—"

"Aa. Sasa ndiyo unakumbuka kueleza."

"Shemeji, mwambie!" Kornelio alikuwa analia. "Nilikuonyesha, si nilikuonyesha? Mwambie Ijumaa nilikuonyesha nini!"

Leodegar alikumbuka. Vipovu, mistari, santuri, yote. Akikubali tu kwamba vitu hivyo vipo, jiwe ni bandia, na kisu kinarudi kwake. Alitamani Kornelio asimwite shemeji tena.

"Sijui anasema nini," akajibu.

Haikuchukua muda. Mwinjuma alimziba mdomo na Jabiri akafanya kazi yake. Miguu ya Kornelio ilipiga meza mara mbili, lenzi ikadondoka na kubiringika hadi kwenye goti la Leodegar.

Jabiri akafuta kisu kwa kitambaa cha kufutia saa.

"Wewe ulitaka kuniibia, karani. Lakini umesema kweli kabla sijachelewa. Wa kwanza kusema mie namwachaga." Akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Inuka. Litazame jiwe lako, umelitesekea."

Leodegar akaiokota lenzi. Ilikuwa bado na joto la jicho la mwenzake. Aliliinamia jiwe kwa sababu hakutaka kutazama sakafuni.

Mwanzoni aliona wekundu tu. Kisha akaviona. Vipovu, vidogo, vya mviringo, vimeshikana kama mkia mmoja. Na mistari myembamba imepinda, mmoja baada ya mwingine, kama sahani ya santuri.

"Umeona nini?" akauliza Jabiri.

"Safi," akasema Leodegar.

"Alhamdulillahi. Basi kesho saa mbili na mnunuzi ataona hivyohivyo. Leo utalala kwangu. Mwinjuma atalala mlangoni. Nataka uwepo atakapolitazama."

Nje, upande wa barabarani, mtu alisukuma mlango wa duka, akakuta umefungwa. Akagonga.

"Baba, ndiyo nini kujifungia mchana?" Alikuwa Benedicta, katoka misani, anamwita mumewe. "Maharage yanaungua!"

Jabiri akalitia jiwe mfukoni, akamshika Leodegar mkono, akamtoa kwa mlango wa uani.