Latifa na Kitabu cha Moto

Ndugu zangu wa milimani, sisi tunaoijua baridi ya mwezi wa saba, sikilizeni yaliyoipata nyumba ya Selemani, mkulima wa kabichi kule Magamba. Aliishi kwa amani na mkewe Nasra na mabinti zao, Latifa wa kidato cha pili na Zakia mdogo.

Latifa alisoma riwaya za mapenzi tu. Siku moja alizikuta zote zimeazimwa, mwalimu Tabitha wa maktaba akampa kitabu cha mwili wa binadamu. Alikipokea kwa kununa. Lakini alipofika panapoelezwa jinsi damu inavyobeba hewa, alisahau uji jikoni hata ukaungua. Akarudi kuazima cha nyuki, kisha cha volkano, kisha cha moto na moshi.

"Kusoma kusiko na mtihani ni uvivu!" baba alifoka. "Palizi inakungoja."

Wazazi wangapi hapa hatusemi hivyo hivyo?

Jumapili moja ukungu ulishuka hadi mlangoni. Nasra akaingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara. Alasiri Latifa alirudi kutoka shambani, akamkuta baba na Zakia wamelala fofofo. Mama ameegemea ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... Kichwa kinaniuma, mwanangu. Nasikia kichefuchefu. Acha nami nilale."

"Usilale, mama! Ni hewa ya mkaa! Haina harufu, lakini inaua!"

Alifungua mlango na dirisha, akambeba Zakia hadi uani, akamkokota mama, akarudi kwa baba huku akipiga mayowe. Majirani walikuja mbio, wakawakimbiza wote hospitali. Wakawekewa oksijeni. Jioni Zakia alifumbua macho, akaomba chai. Latifa akalia kwa furaha.

"Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunachimba makaburi," daktari aliwaambia.

Selemani alipopata nafuu aliwaita majirani nyumbani kwake, akamsimamisha binti yake mbele yao awasomee kitabu kile cha moto na moshi. Waliuliza maswali mpaka adhana ya magharibi. Tangu siku hiyo, mtaa mzima hakuna anayelala na jiko ndani.

"Soma, mwanangu," Selemani alisema mbele ya wote. "Palizi nitafanya mwenyewe."

FUNZO

Wazazi, msimnyang'anye mtoto kitabu kwa sababu hakimo kwenye mtihani. Nanyi wanafunzi, someni hadithi mfurahi, lakini someni pia vitabu vya maarifa. Selemani na familia yake wako hai leo kwa sababu Latifa alisoma.