Mtihani wa Mbwa Mgeni

Kila jioni baada ya shule, Kadogo alifagia karakana ya baba yake, fundi seremala, huku kaka yake akipanga mbao. Mbwa wao, Randa, alilala chini ya meza ya kazi, raha mustarehe. Mbwa wa pili alilala mlangoni. Huyo alikuwa amemfuata Kadogo kutoka shuleni wiki moja tu kabla, naye Kadogo akampenda mno na kumwita Mgeni.

"Wawili siwezi kuwalisha bure," mama alisema jioni moja. "Huyo Mgeni akionyesha ana akili, atabaki. Akishindwa, kesho muuza mkaa anamchukua."

Kaka hakupoteza muda. Alichukua makopo matatu matupu ya vanishi ya kung'arishia mbao, akayapindua sakafuni na kuficha kipande cha nyama chini ya kopo moja. Kisha akawaita mbwa mmoja mmoja.

"Randa, tafuta!"

Randa alimtazama kaka, akaenda moja kwa moja kwenye kopo lenye nyama. Walirudia, akapata tena. Ikawa zamu ya Mgeni. Alinusa kopo la kwanza, akapiga chafya. Akanusa la pili, akapiga chafya nyingine, kisha akaketi.

"Sifuri!" kaka alicheka. "Kichwani mwake kuna vumbi la mbao tupu!"

Machozi yalimlengalenga Kadogo. "Baba, si mjinga huyu! Anapiga chafya tu!"

Baba aliweka patasi chini, akainua kopo na kulinusa. Akakohoa.

"Ninyi watoto! Kwa harufu hii kali ya vanishi, hata chui hawezi kunusa nyama humu. Leteni mabakuli safi. Na wewe kijana, nenda nje."

"Kwani nimefanya nini, baba? Sikumwambia Randa kitu!"

"Mdomo haukusema. Macho yako yalikuwa yameganda kwenye kopo lenye nyama."

Basi mama akaficha nyama peke yake, naye akatoka. Baba, ambaye hakujua ilipo, akamwita Mgeni. Mbwa aliinamisha pua, akapita bakuli la kwanza, akalipindua la pili na kumeza nyama. Mama alibadilisha mahali, Mgeni akaipata tena. Zamu ya Randa ilipofika, alizungukazunguka tu, kisha akaenda mlangoni kumtafuta kaka.

Kadogo aliruka kwa furaha. Kaka alijikuna kichwa. "Nimekubali, nilimwonea. Kumbe Randa ndiye mjinga?"

"Hata kidogo," baba alisema. "Kusoma macho ya mtu nako ni akili."

"Haya, abaki," mama alisema akicheka. "Lakini mabakuli yangu mtayaosha wenyewe, na kwa sabuni!"

Baba aliwashika Kadogo na kaka yake mabegani. "Nikipima ubao kwa futi mbovu, kitanda kikaja kupinda, nitaulaumu ubao? Sikilizeni, wanangu. Kabla hamjamwita mbwa au mtu mjinga, kagueni kwanza mlivyompima."