Alama za Vidole Begani

Kila asubuhi muuza juisi alikamua ndimu kwenye meza yake sokoni. Hadi saa sita, ndoo ilikuwa imejaa maganda. Siku moja mteja alimwambia, "Mama, unatupa mali! Mafuta ya ganda yanalainisha ngozi."

Muuza juisi alimkumbuka binti yake wa miaka saba. Kwa kutotulia kwake, nyumba nzima ilimwita Sisimizi. Mabega yake yalikuwa yamepauka.

Siku ya michezo shuleni, mama aliminya mafuta ya maganda mabichi kiganjani. Akayachanganya na matone ya mafuta ya nazi, akampaka mabegani.

"Mama, nanukia kama juisi!"

"Haya nenda, wasije wakakunywa."

Sisimizi alikimbia juani mchana kutwa, amevaa fulana isiyo na mikono.

Baada ya siku mbili, mabega yalitoka malengelenge. Yalijipanga mistari minne huku, minne kule. Ungedhani mtu mzima amemkaba mtoto kwa nguvu.

Mwalimu aliwaita wazazi. "Mnisamehe, lakini ni wajibu wangu kuuliza. Nani amemshika mtoto hivi?"

Baba, fundi viatu, alimtazama mkewe. Walipofika nyumbani ndipo alipomuuliza.

"Mama Sisimizi, niambie kweli. Hasira zilikupanda?"

"Mimi? Nimuumize mwanangu?"

"Nimeuliza tu."

"Kuuliza kwenyewe kunaniua, Baba Sisimizi."

Jioni ile baba alimwogesha mtoto mwenyewe, akafunga mlango. Mama alibaki jikoni, akapiga magoti. "Ee Mungu, wewe umeiona mikono yangu. Nionyeshe nilipokosea."

Kesho yake wote watatu walikwenda zahanati. Muuguzi aliangalia mabega kwa makini.

"Mtoto alipakwa nini?"

"Mafuta ya ganda la ndimu," mama alijibu. "Kitu cha asili tu."

"Hata upupu ni wa asili, dada yangu. Baada ya kupakwa, alikaa juani?"

"Siku nzima."

"Basi, huyu hakupigwa. Ameungua. Mistari hii ni pale vidole vyako vilipopita ukimpaka."

Mama aliinama, machozi yakamtoka. Baba alikodolea macho sakafu.

"Kwa hiyo mafuta hayo ni sumu?" baba aliuliza.

"Hapana, shemeji. Yana faida. Yananukia vizuri, na yanaondoa uchafu wa mafuta. Kwenye sabuni inayosuuzwa vizuri, kwa kawaida hayana shida. Lakini mafuta mabichi ya ndimu na limau yakikaa kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi huungua. Tena hayaumi papo hapo. Malengelenge huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana hamkujua."

"Na mtu akipenda kuyatumia?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtu mzima anunue yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, asome maelezo. Ajaribu kidogo kwanza mkononi, sehemu ya ndani, asubiri siku mbili. Akiwashwa, aache. Akishapaka, asikae juani. Mtoto asipakwe kabisa. Malengelenge haya msiyatumbue. Myafunike. Yakitoa usaha, mrudi haraka. Weusi utakaobaki utafifia polepole."

Muuguzi alimwandikia mwalimu barua. Mwalimu alipoisoma, alimshika mama mkono kwa heshima.

Siku hizi muuza juisi hafungi meza bila kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Maganda anasugulia masufuria. Mteja akiyataka kwa ajili ya ngozi, humsimulia yote, hata sehemu inayomwaibisha.

Vidonda vilipokauka, baba alileta mafuta ya kawaida yasiyo na harufu. Akayaweka mbele ya mkewe.

"Nilikukosea, mke wangu. Mpake wewe."

"Mikono yangu inaogopa."

Sisimizi hakungoja waelewane. Alivua fulana, akamgeuzia mama mgongo.