Mtungi wa Zahanati

Kila asubuhi Stephania alipita kando ya dagaa walioanikwa mchangani, akashika njia ya zahanati. Muhula ule wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamegawanywa wajifunze kazi: wengi shamba la kijiji, wachache kwa fundi seremala. Zahanati ilihitaji mmoja tu, na Nesi Rozalia alimchagua Stephania, akamkabidhi ufagio. Faustini, mwanafunzi mwenzake aliyeitaka sana nafasi hiyo, hakumwacha apumue.

"Daktari wa Ufagio, leo utaua wangapi?" alimwuliza kila walipokutana.

"Nitaanza na wewe," Stephania alijibu.

Mzaha huo ulikoma wiki ile ugonjwa ulipoingia. Uliletwa na wavuvi waliorudi kutoka kambi moja kusini, wakihara maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Wawili walizikwa kabla nyavu zao hazijakauka. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimejengwa kwa mistari, na sasa ugonjwa ulitembea mstari kwa mstari. Ufukweni hakuna aliyeimba. Kilichosikika ni majembe, kule makaburini.

"Chumba cha wanaohara usikikanyage," Nesi Rozalia alimwambia Stephania. "Kazi yako ni maji ya kunywa. Yatokote vizuri, kisha yapoe yenyewe mtungini, umeyafunika. Humo usitie kitu kingine."

"Ndiyo, Nesi."

Lakini wagonjwa waliokuwa vyumba vingine walinung'unika. Bibi Veneranda, aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake Ignas aliyeungua mguu kwa uji, alionja maji akayatema.

"Haya yamekufa, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Yana moto, yananuka moshi. Sisi tumekulia maji ya ziwa. Ziwa lina uhai."

Stephania aliona haya. Mchana ule alichota ndoo ndogo ziwani, akaimimina mtungini. Maji yakapoa mara moja. Bibi Veneranda alikunywa, akamnywesha Ignas, akamshika Stephania kichwa na kumwombea mema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumshukuru pale zahanati. Kesho yake akaongeza ndoo nyingine.

Siku iliyofuata alimkuta Nesi Rozalia ameinama juu ya kitanda cha Ignas. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo lake, ilipofinywa, ilibaki imesimama.

"Sielewi," Nesi alisema taratibu. "Huyu alikuja na jeraha tu. Hajakaribiana na wale. Ugonjwa umempitia wapi?"

Stephania alizikumbuka zile ndoo mbili za ziwani. Akisema, atafukuzwa, na ndoto yake ya kuwa muuguzi itaishia hapo. Kesho Faustini atashika ufagio ule. Asiposema, nani atajua? Alitoka nje akasimama kando ya mtungi.

Bibi Veneranda alimfuata na kikombe. "Nipishe, mwanangu. Mtoto analia kiu."

Stephania akabana mfuniko kwa mikono yote miwili. "Usichote, bibi."

"Umepatwa na nini?"

"Yana maji ya ziwa. Niliyatia mimi."

Nesi Rozalia alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti. Aliuliza nani na nani wamekunywa, kisha akaumwaga mtungi wote shimoni na kumtuma Stephania kuwasha moto. Ignas akatundikiwa dripu. Wengine waliokunywa wakawekwa pamoja na kuangaliwa. Faustini aliposikia, alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akarudi kuleta mwingine.

Jioni mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akihara tangu mwanzo, alifariki. Naye alikuwa amekunywa maji ya mtungi ule.

"Nesi, ni maji yangu?" Stephania aliuliza.

"Alikuja hapa hali yake ni mbaya. Pengine angekufa vilevile. Sijui, Stephania, nawe hutajua. Hilo siwezi kukuondolea."

Asubuhi Ignas alifumbua macho. "Bibi, mkojo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. Bibi Veneranda akaangua kilio, na Nesi Rozalia, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie, akacheka. Mwili uliokauka ulikuwa umepata maji.

Stephania alianza kukunja gwanda lake la kazi.

"Unakwenda wapi?" Nesi alimwuliza.

"Nimekosa. Mwalimu atamleta mwingine nafasi yangu."

"Umekosa, na ni kosa kubwa. Uliniitikia 'ndiyo', kisha ukafuata maneno yaliyokufurahisha. Mgonjwa hutaka kitamu; muuguzi humpa kilicho salama, hata akinuniwa. Lakini jana ulisema huku ukijua utapoteza nini. Ungengoja hadi jioni, Ignas na wengine wangeendelea kuyanywa. Asiyeficha kosa lake naweza kumfundisha. Anayeficha, hata awe na akili namna gani, simwachii mtungi." Akamrudishia gwanda. "Kanawe mikono. Kisha uchemshe."